Burundi 1972 na Habari Zisizovuka Mpaka

Kati ya mwisho wa Aprili na Agosti 1972, serikali ya Burundi iliua raia wake kwa idadi ambayo watafiti wengi huiweka kati ya 100,000 na 200,000, na wengine huifikisha 300,000. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni tatu na nusu. Kwa kipimo chochote kile, hayo ni miongoni mwa maovu makubwa kabisa yaliyotendwa na dola ya Kiafrika tangu uhuru. Lakini msomaji wa magazeti ya Ulaya au Marekani angeweza kuumaliza mwaka ule akiwa ameona habari fupi chache tu, tena kurasa za ndani. Hata leo, Burundi ikitajwa penye mazungumzo ya mauaji ya kimbari, wapo wanaodhani msemaji ameteleza ulimi na alikusudia Rwanda.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba dunia haimjali Mwafrika. Lina ukweli, ila halitoshi. Miaka minne tu kabla ya hapo, picha za watoto wa Biafra waliokondeana kwa njaa zilijaa magazeti ya Uingereza na kuwatoa watu mitaani kuandamana. Na mwaka huohuo wa 1972, mwezi Agosti, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, habari ilitawala vyombo vya habari kwa miezi mitatu. Uganda na Burundi ziko ukanda mmoja, mwaka ni mmoja, na waliofukuzwa Uganda, pamoja na dhuluma yote waliyotendewa, wengi wao walitoka wakiwa hai. Tofauti inabidi itafutwe kwingine.

Mambo yenyewe yalianza Jumamosi, tarehe 29 Aprili. Mchana Rais Michel Micombero alilivunja baraza lake la mawaziri. Jioni waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa nchi, kando ya Ziwa Tanganyika, hasa Rumonge na Nyanza-Lac, wakawaua maofisa na raia wa Kitutsi, wanawake na watoto wakiwemo. Usiku huohuo Ntare wa Tano, mfalme wa zamani aliyekuwa amerudi nchini mwezi uliotangulia akitokea Uganda kwa ahadi kwamba hataguswa, aliuawa Gitega alikokuwa kizuizini. Mobutu wa Zaire alituma askari wa miavuli kumsaidia Micombero, na uasi ukazimwa upesi.

Kilichofuata hakikuwa tena kuzima uasi. Jeshi, lililokuwa mikononi mwa Watutsi, na vijana wa chama tawala cha UPRONA, waliojulikana kwa kifupi cha JRR, walianza kuwakamata Wahutu nchi nzima, hata katika mikoa ambako hakuna mwasi aliyeonekana. Walikwenda na orodha. Waliotangulia ni wanajeshi wa Kihutu, kisha watumishi wa serikali, walimu, wauguzi, makarani wa benki, mapadri na wachungaji, wafanyabiashara, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bujumbura na hata wa sekondari. Wengine walifuatwa darasani wakapakiwa kwenye malori. Wengine waliitwa ofisini kwa mahojiano, wakaenda kwa miguu yao wenyewe kwa kuwa hawakuwa na kosa, na hawakurudi. Mali na akiba zao zilichukuliwa, na familia hazikuruhusiwa hata kuweka matanga. Warundi wanaiita miezi ile Ikiza.

Sababu ya kwanza ya ukimya imo humohumo katika orodha. Mwandishi wa kigeni anapofika nchi asiyoijua hutafuta mtu wa kumweleza: mwalimu anayejua Kifaransa, padri mwenyeji, mwanasheria, mwanafunzi mwenye ndugu ng'ambo. Ni watu hao pia ambao wangeandika barua kwa magazeti, wangefungua ofisi ya chama uhamishoni, wangekwenda kubisha hodi Umoja wa Mataifa. Burundi ya 1972 iliwaua watu wa aina hiyo kwanza. Biafra ilikuwa na serikali yake, mabalozi wake wasio rasmi, waandishi wa vitabu waliojulikana duniani, na hata kampuni ya uenezi mjini Geneva iliyosambaza taarifa kwa wahariri na kuwapangia safari. Wahutu wa Burundi hawakubakiwa na msemaji hata mmoja ambaye jina lake lingetambuliwa na mhariri wa Paris. Waliosalimika walikuwa vijana wadogo, kama Melchior Ndadaye, mwanafunzi aliyekimbilia Rwanda ambaye miaka 21 baadaye alichaguliwa kuwa rais wa nchi, na watoto kama Pierre Nkurunziza, rais mwingine wa baadaye, ambaye baba yake, mbunge wa zamani, aliuawa mwaka ule.

Sababu ya pili ni njia. Mashirika makubwa ya habari hayakuwa na ofisi Bujumbura. Eneo lote hili liliangaliwa na ripota wachache waliokaa Nairobi au Kinshasa, kila mmoja akiwa na nchi kadhaa mabegani. Ili ripota afike alihitaji viza kutoka kwa serikali ileile inayoua. Akifika, taarifa yake ilipaswa kupita kwa simu au teleksi iliyo mikononi mwa serikali hiyohiyo, na kutoka nje ya mji ilikuwa lazima apite vizuizi vya jeshi. Wamisionari wa kizungu waliona mengi kwa macho yao, lakini kila mmoja alijua kwamba akisema kwa sauti, kibali chake cha kuishi nchini kitafutwa kesho yake na waumini watabaki peke yao. Wengi walichagua kunyamaza au kuandika barua za faragha. Mashirika ya misaada hukabiliwa na mtihani uleule hadi leo: wanaojua mengi zaidi ndio wenye mengi zaidi ya kupoteza wakisema.

Halafu kuna kalenda. Vyombo vya habari vina nafasi yenye mipaka, na Mei 1972 nafasi ilikuwa imekwisha kuliwa. Vietnam Kaskazini ilikuwa katikati ya mashambulizi makubwa, Marekani ikatega mabomu katika bandari ya Haiphong, Rais Nixon akaenda Moscow kuonana na Brezhnev, na tarehe 17 Juni wakakamatwa wezi wa Watergate. Mhariri wa habari za kimataifa aliyepokea mistari kumi kutoka Nairobi kuhusu "machafuko" Bujumbura hakuwa na picha, hakuwa na shahidi mwenye jina, na hakuwa na msomaji anayejua Burundi iko wapi. Uamuzi wa kuibana habari hiyo ukurasa wa kumi na mbili haukuhitaji njama ya mtu yeyote.

Jambo hili lilikuwa limekwisha chunguzwa kitaalamu. Mwaka 1965 Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, watafiti wa Norway, walichapisha utafiti wa jinsi magazeti manne ya kwao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Cuba na Cyprus. Walichogundua ni kwamba tukio hupenya kuwa habari likiwa na sifa fulani: linahusu mataifa yenye nguvu, linahusu watu mashuhuri, linaeleweka upesi bila maelezo marefu, linatokea ghafla na kwisha ndani ya mzunguko wa gazeti la siku, na linagusa watu ambao msomaji anawaona wa karibu naye. Tukio lililo mbali kiutamaduni linaweza kupenya tu likiwa na sifa nyingine za kufidia umbali huo. Kwa kipimo hiki kisa cha Waasia wa Uganda kinaeleweka mara moja. Maelfu yao walikuwa na pasipoti za Uingereza, ndege zao zilikuwa zinatua Stansted, swali la wapi watakaa lilikuwa swali la siasa za ndani za Uingereza, na Amin alikuwa mtu mmoja mwenye sura na maneno ya kunukuliwa. Burundi haikuwa na lolote kati ya hayo. Micombero hakuwa mtu wa hotuba za vituko, na wakimbizi wake walishuka Kigoma, Tanzania.

Umbali, hata hivyo, mara nyingi hutengenezwa na watu, na hapa lawama inahama kutoka vyumba vya habari kwenda kwa serikali nyingine. Waandishi wa mambo ya nje huwafuata maofisa. Waziri akilaani, kuna habari. Bunge likijadili, kuna habari. Wote wakinyamaza, mwandishi anabaki na uvumi wa mpakani. Tarehe 19 Mei 1972 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Gaston Eyskens, aliliambia baraza lake la mawaziri kwamba kinachotokea Burundi si mapigano ya makabila bali ni mauaji ya kimbari hasa. Ubelgiji, mkoloni wa zamani, ilijua, na magazeti ya Brussels yaliandika kuliko ya kwingine. Siku tatu baadaye Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Diallo Telli, alitua Bujumbura na kutangaza mshikamano na Micombero. Mkataba wa umoja huo ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwanachama, na marais wengi waliokutana Rabat mwezi Juni walikuwa na sababu zao za kuupenda msimamo huo. Kwa mhariri wa Magharibi, kauli ya Telli ilikuwa kibali cha kupumzika: kama Waafrika wenyewe wameridhika, mgeni aseme nini?

Marekani nayo ilikuwa na taarifa kutoka ubalozi wake, na ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: kampuni zake ndizo zilizonunua takriban asilimia 80 ya kahawa ya Burundi, zao lililoiingizia serikali sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni. Mwaka 1973 wakfu wa Carnegie ulichapisha ripoti iliyohoji kwa nini uwezo huo haukutumika hata kama tishio. Ripoti ilisomwa na wachache. Ni wachache mno waliokuwa wakidai hatua Washington, kwa kuwa hakukuwa na habari za kutosha, na habari hazikutosha kwa kuwa Washington haikusema mengi hadharani.

Neno lililotumika zaidi katika taarifa chache zilizotoka lilikuwa "mapigano ya kikabila". Kwa mhariri, neno hilo humaliza kazi. Mapigano yana pande mbili, kwa hiyo hakuna mhalifu. Ni ya kikabila, kwa hiyo ni ya kale, hayana mwanzo wala mtu aliyeyaamuru. Serikali yenye orodha, malori na ofisi inatoweka ndani ya sentensi. Micombero alilijua hilo vizuri. Maelezo rasmi ya Burundi yalishikilia mauaji yaliyofanywa na waasi siku za kwanza, ambayo yalikuwa ya kweli, na kuyatumia kama pazia la miezi iliyofuata.

Mpaka hapa inaweza kuonekana kwamba habari ikishachapishwa kazi imekwisha. Kisa cha Zimbabwe kinaonyesha vingine. Kuanzia Januari 1983 Kikosi cha Tano cha jeshi, kilichofunzwa na wakufunzi wa Korea Kaskazini, kiliingia Matabeleland kikiwasaka wapinzani wenye silaha, na kikaishia kuua raia, wengi wao Wandebele. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 20,000 hadi mapatano ya Desemba 1987. Baadhi ya waandishi waliandika mapema. Aprili 1984 Donald Trelford, mhariri wa gazeti la Observer la London, alikwenda Zimbabwe kumhoji Waziri Mkuu Robert Mugabe, kisha akaelekea Bulawayo, akakutana kwa siri na walioteswa na waliofiwa, akaandika alichosikia. Mwenye gazeti alikuwa Tiny Rowland, mkuu wa kampuni ya Lonrho iliyokuwa na migodi na mashamba Zimbabwe. Rowland alimwomba radhi Mugabe, akamshutumu mhariri wake hadharani, akatishia kuliuza gazeti. Trelford hakufukuzwa, lakini mabishano kati ya tajiri na mhariri yakawa ndiyo habari, na Matabeleland ikawa kando.

Hapo waandishi walikuwepo, lugha ilikuwa Kiingereza. Kilichokosekana ni nia. Zimbabwe ya 1984 ilikuwa mfano wa upatanisho uliosifiwa kila mahali, makaburu wa Afrika Kusini walikuwa ng'ambo ya mto Limpopo wakiuombea ushindwe, na hakuna aliyetaka kuwapa hoja. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimpa Mugabe shahada ya heshima, na mwaka 1994 Uingereza ikampa nishani ya heshima. Alivuliwa zote mbili baadaye, alipokwisha kugombana na wakulima weupe na serikali ya London. Ripoti kamili ya mauaji ilitolewa mwaka 1997 na Tume ya Kikatoliki ya Haki na Amani pamoja na wanasheria wa huko, na ilijengwa juu ya ushahidi wa wanavijiji, si wa wageni.

Urafiki wa mkosaji na wakubwa wa dunia ulifanya kazi hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi Timor Mashariki. Indonesia iliivamia tarehe 7 Desemba 1975. Waandishi watano wa televisheni za Australia walikuwa wamekwisha uawa Balibo mwezi Oktoba, na wa sita aliuawa Dili siku iliyofuata uvamizi. Baada ya hapo eneo hilo lilifungwa. Indonesia ilikuwa mshirika wa Marekani dhidi ya ukomunisti, na kwa miaka 16 njaa na mauaji yaliyopoteza watu wasiopungua 100,000 yalibaki habari ya wanaharakati. Novemba 12, 1991, askari walifyatulia risasi waandamanaji katika makaburi ya Santa Cruz mjini Dili. Mpigapicha Mwingereza, Max Stahl, alikuwa ndani akirekodi. Kabla hajakamatwa aliufukia mkanda kwenye kaburi bichi, akahojiwa kwa saa kadhaa, akaachiwa, na usiku akarudi kuufukua. Mkanda ulitoroshwa nje, ukaonyeshwa duniani, na Timor haikusahauliwa tena. Mauaji ya siku ile yalikuwa ya mamia, si ya maelfu. Yalikuwa na filamu.

Serikali zimejifunza somo hilo pengine kuliko wahariri. Vita vya Tigray vilipoanza Novemba 4, 2020, Ethiopia ilikata simu na intaneti na kuzuia waandishi kuingia. Mwisho wa mwezi huo askari wa Eritrea waliua mamia ya raia katika mji mtakatifu wa Axum kwa siku mbili. Ulimwengu ulipata maelezo ya kina Februari 2021, baada ya watafiti na waandishi kuunganisha simulizi za walionusurika, baadhi yao wakiwa wamekimbilia Sudan. Katika enzi ya simu ya mkononi, habari ilichukua karibu miezi mitatu. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo, kwa risasi, njaa na kukosa dawa, yanafika mamia ya maelfu. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkuu wa Shirika la Afya Duniani na mwenyewe Mtigray, alihoji kama kweli dunia inazipa uzito sawa roho za weusi na weupe. Swali lake lilikuwa la haki. Lakini Ukraine ilikuwa pia na mtandao unaofanya kazi, mipaka iliyo wazi kwa kamera, na serikali iliyotaka kuonekana.

Kongo ni aina nyingine. Huko hakuna pazia, kuna wingi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa kati ya 1993 na 2003, yakihusisha majeshi ya nchi kadhaa na makundi yasiyohesabika. Habari ya kimataifa inataka muuaji mmoja na mwathirika mmoja. Kongo hubadilisha nafasi hizo kila baada ya miezi michache, na mhariri huchoka. Msikilizaji wa Goma au Bukavu anayefuatilia Redio Okapi au idhaa za Kiswahili za nje hupata maelezo kuliko msomaji wa gazeti la New York, kwa kuwa kwake majina ya vijiji na makamanda hayahitaji kutambulishwa.

Hilo linarudisha suala kwa Burundi, maana si kweli kwamba hakuna aliyejua. Kigoma walijua. Wakimbizi walivuka ziwa na mpaka kwa makumi ya maelfu, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, ambako wenyeji waliwaita wakimbizi wa sabini na mbili. Jeshi la Burundi lilipowafuata na kushambulia vijiji vya Tanzania mwaka 1973, wafanyakazi wa bandari waligoma kuhudumia shehena za Burundi. Habari ilikuwepo katika Kirundi, Kiha na Kiswahili. Haikuwa na njia ya kufika katika lugha zinazoamua nini ni habari ya dunia. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980, akasikiliza simulizi zao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995.

Tofauti inayofundisha zaidi ni ya nchi ileile. Agosti 1988 jeshi la Burundi liliua maelfu ya Wahutu Ntega na Marangara, kaskazini. Safari hii wakimbizi waliingia Rwanda, waandishi wakawafikia ndani ya siku chache, wasomi 27 wa Kihutu wakathubutu kumwandikia Rais Pierre Buyoya barua ya wazi, na Bunge la Marekani likaitisha kikao. Waliouawa walikuwa sehemu ndogo ya wale wa 1972. Buyoya alilazimika kuunda serikali yenye Wahutu nusu na kuchunguza suala la umoja wa taifa, na mlolongo huo ndio uliofikisha nchi kwenye uchaguzi wa 1993.

Mauaji ya 1972 yenyewe hayakupata mahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai inashughulikia makosa yaliyotendwa kuanzia Julai 2002 tu, na Micombero alifia uhamishoni Somalia mwaka 1983. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi ya pamoja kando ya mto Ruvubu mwanzoni mwa 2020 na kutangaza kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Mwishoni mwa 2021 ikatamka rasmi kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari. Serikali iliyogharimia kazi hiyo ndiyo ambayo chini yake redio binafsi za Bujumbura zilichomwa moto Mei 2015, ikajitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Oktoba 2017, chini ya miezi miwili baada ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa kusema kuna sababu za kuamini kwamba makosa dhidi ya ubinadamu yalikuwa yakitendwa, na Machi 2019 ikaifutia BBC leseni.